Mwaka wa Mama Eva

Mwezi uliopita, katika arusi ya binti ya Mama Georgette kule Goma, mwanaume mmoja mwenye ndevu za mvi alipita nyuma ya kiti changu, akaniinamia sikioni na kusema kwa sauti nyembamba ya kike: "Evaluweshon kopi." Nilicheka mpaka sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikamwagikia kitenge changu. Wageni wa mezani walinitazama kama mtu aliyepandwa na kitu. Alikuwa Justin, fundi wetu wa redio pale Mweso, ambaye sikuwa nimemwona tangu siku zile nywele zetu sote wawili zilipokuwa nyeusi. Bibi arusi mwenyewe alikuja na shela lake kutuuliza, "Shangazi, munacheka nini?" Justin akanitazama mimi. Hakukuwa na njia ya kulieleza jambo lile mezani, kati ya wimbo na wimbo. Nikamwambia mtoto aende kucheza, nitamwandikia. Haya ndiyo niliyomwandikia.

Nilikuwa nimemaliza masomo ya sekondari, na katika mji mzima wa Mweso nilikuwa na kitu kimoja tu ambacho watu walikitaka, nacho ni sauti. Papa Mwalimu alinisikia nikisoma kanisani siku ya Jumapili, akaningoja mlangoni. Alikuwa mwalimu mstaafu, mfupi, mwenye koti moja la kahawia alilolivaa jua likiwaka na mvua ikinyesha, na ndiye aliyekuwa mkubwa wa redio. Redio ilikuwa na jina refu la Kifaransa lililochorwa juu ya mlango, lakini sijapata kumsikia mtu akilitaja. Watu waliiita redio ya kwa Mwalimu. Ilikuwa nyumba ya mbao nyuma ya soko, vyumba viwili na paa la mabati. Chumba cha kwanza kilikuwa studio, kuta zimepigiliwa magodoro ya zamani ili sauti isirukeruke. Mvua iliponyesha, mabati yalipiga kelele hadi kwenye maikrofoni, na Papa Mwalimu aliwaambia wasikilizaji bila haraka, "Hii munasikia ni mvua, haiko redio inaharibika." Chumba cha pili kilikuwa cha kila kitu kingine: benchi moja, jiko la makaa, sufuria ya maharage isiyokauka, na wageni. Leo nimefanya kazi katika ofisi zenye vioo na viti vya kuzunguka, na bado nikitaka kufikiri vizuri, nafsi yangu hurudi kukaa kwenye benchi lile, harufu ya makaa na magodoro puani.

Mwaka ule Justin alikuwa ametuletea kompyuta. Kabla yake tulikuwa tukipiga kaseti, na mtu alilazimika kukaa hapo hapo ageuze upande. Kompyuta ilikuwa na programu iliyopanga nyimbo na matangazo kwa zamu, ikavipiga yenyewe, nasi tukapata hata nafasi ya kula tukiwa tumekaa. Waliotengeneza programu ile walikuwa watu wa mbali na waliiuza kwa bei ya ng'ombe mzuri wa maziwa. Lakini walikuwa na desturi ya kumpa mtu nakala ya kuonja kwanza, na ili asionje mpaka mwisho wa maisha yake, walitia mlinzi ndani. Mlinzi huyo alikuwa sauti ya mwanamke. Kila baada ya dakika chache, wimbo uwe wa Mungu au wa dunia, iwe habari au tangazo la msiba, alikatiza na kusema maneno mawili ya Kiingereza, maana yake kwamba hii ni nakala ya majaribio, haijanunuliwa. Hatukuwa na mahali pa kumkwepa. Meza yetu ya kuchanganyia sauti ilikuwa imeungua, kwa hiyo kila kitu, hata maikrofoni, kilipitia kompyuta, na kila kilichopita humo kilipita mbele yake.

Sisi tulijua maana yake. Milimani hawakujua. Asubuhi moja mzee mfugaji aliyeshuka kutoka malishoni, mwenye kofia pana na buti za mpira, alipiga hodi akiwa na chombo cha maziwa mkononi.

"Niko natafuta Mama Eva," alisema.

"Mama Eva gani, Papa?" nikamuuliza.

"Ule wa redio. Eva Lweshonkopi. Anajisemaka jina kila saa, halafu hamumuachie aseme kitu ingine. Juu ya nini?"

Justin alitoka nje akiwa ameshika tumbo. Papa Mwalimu akamkaribisha mzee kwenye benchi, akamweleza polepole, kama alivyokuwa akieleza darasani, kwamba Mama Eva si mtu wa hapa, ni sauti iliyowekwa ndani ya mashine na wenye mashine, kutukumbusha kwamba hatujalipa. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alikabidhi chombo.

"Basi mumupe maziwa," akasema. "Anafanya kazi nzuri kuliko ninyi."

Tuliyanywa maziwa yale na viazi vya moto, na sijui kama nimewahi kushiba hivyo tena. Tangu siku hiyo Mama Eva akawa mtu wa nyumbani. Wasikilizaji walimtumia salamu kwenye vikaratasi: kwa Mama Eva, kutoka kwa vijana wa soko la viazi, kwa Mama Eva, kutoka kwa mke ambaye bwana wake alikwenda kuchimba madini Bisie na hajarudi, amwombee. Nilizisoma zote hewani, na mara nyingine, kwa bahati tu, nikimaliza kusoma, yeye huyo akaitika kwa maneno yake mawili. Mji mzima ulicheka.

Kicheko kilipungua Mama Georgette alipofungua redio yake. Alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuuza kwa wengi, na hakufanya kitu nusunusu. Alijenga upande wa barabara ya hospitali, nyumba ya matofali. Programu yake ilikuwa ileile yetu, lakini yeye aliinunua, na wauzaji walimletea pamoja nayo ufunguo: kitu kidogo kama kidole cha mtoto, kilichochomekwa nyuma ya kompyuta. Ufunguo ukiwepo, Mama Eva hasemi. Ukitolewa, programu haifunguki kabisa. Siku ya kwanza mtangazaji wake alisema hewani, "Kwetu hapa, wimbo unaanza na unaisha," na kila mtu Mweso alielewa nani anapigwa. Wenye maduka walianza kupeleka matangazo yao kwake. Hata mama aliyetuuzia makaa alikuwa na redio ndogo kibandani, na siku moja nilipita nikaisikia, safi, bila mama yeyote wa kukatiza. Aliona nimesikia, akashusha sauti ya redio, na huruma ile iliniuma kuliko kama angeiacha tu.

Justin alishuka Goma, akarudi na diski iliyofungwa ndani ya mfuko wa sabuni. Nilikuwa chumba cha pili nikichagua maharage, nao walikuwa studio, na magodoro yale hayakuzuia neno hata moja.

"Papa, hii ni programu ileile, lakini banaisha kuvunja mulango," alisema Justin. "Mama Eva anakufa leo."

"Nani alivunja?"

"Sijue. Batu wa Goma. Kila muntu anaitumia."

Kisha Papa Mwalimu: "Ule alitengeneza hii kitu alitumika kazi. Akatia mulango kwa nyumba yake. Mimi nitaingia na dirisha, kisha Jumapili nisome Amri Kumi mbele ya batu?"

"Na sasa tuko wapi, Papa? Si tuko ndani bila kulipa?"

"Tuko kwa baraza. Yeye mwenyewe njo alituambia tukae kwa baraza, na alituachia mama wa kutuangalia."

Justin alitoka akaketi karibu nami, akachukua konzi ya maharage na kuanza kuchagua pia, kwa hasira, akitupa mazuri pamoja na mabovu. Nilikuwa upande wake. Nilidhani Papa Mwalimu ni mzee anayezama na mizani yake mkononi. Leo nikiyapima maneno yake naona baraza lile lilikuwa limeanza kuwa refu sana, na nadhani hata yeye alijua. Lakini hakuwa mtu wa kujipa haki aliyoikosa, na katika ujana wangu sikuwa nimekutana na watu wengi wa namna hiyo.

Msimu ule familia nyingi zilikuwa zikikimbia vita kutoka upande wa Walikale, kupitia Kalembe, na nyingine zilifika Mweso na kulala katika madarasa. Katika kukimbia, watoto walipoteana na wazazi. Kazi yetu kubwa ikawa matangazo ya watoto, na ndiyo yaliyofanya watu wanunue betri hata walipokosa chumvi. Mchana mmoja nilirekodi tangazo la mtoto wa kike, Riziki, aliyejua jina la mama yake, Vumilia, na ambaye alikuwa anatunzwa kwa katekista wa Kalembe. Programu ililipiga kwa zamu yake. Kesho yake, jua likiwa bado changa, mwanamke alisimama mlangoni akiwa na matope hadi magotini.

"Mulisema mutoto wangu iko wapi?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeisha. "Nilisikia jina yake. Nilisikia jina yangu. Kisha ule mama akakata."

Papa Mwalimu alimkalisha. "Iko Kalembe, mama. Kwa katekista. Iko muzima."

Mwanamke alimtazama kama hakusikia. "Kalembe?" akasema. "Mimi njo natoka Kalembe. Nilikuwa nalala kwa baraza ya nyumba ya masomo pale."

Alikuwa amesikia tangazo kwa redio ya jirani, na wakati tuliporudia jioni yeye alikuwa njiani tayari, anakuja kutuuliza mahali ambapo angefika kwa kuita tu. Nilimpa chai. Hakutulaumu. Alikunywa, akaniuliza kama mtoto alikuwa na koti. Justin alimpakia kwenye pikipiki bila kungoja kuambiwa, na mchana alirudi peke yake, vumbi usoni na mistari miwili ya machozi kwenye vumbi. Alisema mtoto hakukimbia kumlaki mama yake. Alikaa palepale alipokuwa, akaanza kumwambia kwa ukali kwamba amechelewa. Tulicheka, sote watatu.

Nilidhani Papa Mwalimu atamwambia Justin alete ile diski. Badala yake alivaa koti lake, akakusanya matangazo yote ya watoto, akaniambia nimfuate. Tuliuvuka mji mpaka nyumba ya matofali. Mama Georgette alitupokea kwa chai ya maziwa na mandazi, akitutazama kwa zamu, akingoja kujua tumekuja kuuza nini.

"Soma hizi kwako," Papa Mwalimu alisema. "Kwako zinasikika."

Aliyapokea, akayageuza. "Papa Mwalimu, hii njo kitu batu banasikilizia redio yako. Unaniletea?"

"Batoto hawako wa redio, mama."

Sitasahau uso wake. Alikuwa mwanamke aliyejua bei ya kila kitu barabarani, na hapo aliwekewa mkononi kitu ambacho hakujua akipangie bei gani. Alitujazia mandazi yaliyobaki kwenye karatasi. Tangu siku hiyo Papa Mwalimu akawa anasema hewani, kwetu, kwa kinywa chake: "Matangazo ya batoto mutayasikia kwa Mama Georgette, mugeuze redio sasa." Justin alikuwa akitoka nje kila aliposikia maneno hayo. Watu waligeuza, na si wote waliorudi.

Kisha radi ikapiga barabara ya hospitali. Mama Georgette alikuwa amenyamaza hewani siku kadhaa tulipomwona anaingia chumba cha pili, bila mapambo yake, akaketi kwenye benchi. Nilimpakulia ndizi na maharage. Kompyuta yake ilikuwa imepona, alisema, ufunguo ndio uliokufa. Programu yote ilikuwa mle ndani, na kila alipoifungua ilimwomba ufunguo. Alimpigia muuzaji, akaambiwa ufunguo hautengenezwi. Anunue upya kila kitu, kisha angoje ndege.

"Nililipa," alisema, na sahani yake haijaguswa. "Nililipa kila kitu. Sasa nasimama kwa mulango yangu kama mwizi."

Hakuna aliyefurahi, hata Justin, ambaye nilitegemea afurahi kidogo. Diski yake ya Goma ilikuwa ya nakala ya kuonja tu, haikuwa na dawa ya ufunguo ule. Papa Mwalimu alifikiri kwa muda mrefu, akasema kwamba mtu akivunja mlango wa nyumba aliyoinunua mwenyewe, yeye haoni dhambi, na Justin akashuka Goma tena, safari hii kwa baraka. Alikaa siku mbili mbele ya kompyuta za kukodi akitafuta namna ya kuuhadaa ufunguo. Hakuipata. Alipata kitu kingine: programu ya redio ambayo watu wa nchi mbalimbali waliitengeneza pamoja na kuiacha wazi, mtu aichukue, aigawe, aifungue atazame ilivyoshonwa. Aliileta akiwa na mashaka yote duniani.

"Ni nani analipa?" Mama Georgette aliuliza.

"Hakuna. Banaitengeneza, banaipana."

"Na wanauza nini?"

"Hawauzi kitu, mama."

"Ao iko na kitu ndani." Aliitazama diski kama kitenge cha bei rahisi mno, akitafuta mahali rangi itakapochuja. Lakini redio yake ilikuwa kimya na batoto walikuwa wanangoja. Waliiweka kwake kwanza. Jioni ile tulikaa kwenye kibanda cha mama wa makaa, sote, tukasikiliza redio ya mshindani wetu ikirudi hewani, na Papa Mwalimu alipiga makofi. Siku iliyofuata Justin aliiweka kwetu. Mama Eva akaondoka. Nilikuwa nimengoja sana siku hiyo, na ilipofika nilisoma salamu zake za mwisho polepole.

Programu mpya ilikuwa na tatizo moja: ilizungumza Kiingereza na Kifaransa tu, na vijana wa Mama Georgette walikuwa wazuri wa kuongea lakini Kifaransa chao kilikuwa cha kuungaunga. Justin aligundua kwamba maneno yote ya programu yamepangwa katika faili moja, mstari kwa mstari, na ukiandika lako mbele ya lao, mashine italitumia lako. Akanikabidhi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na wakati. Nilikaa juu ya faili lile msimu mzima wa mvua. Hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza kwamba kompyuta ni kitu kilichoandikwa na watu, na kwamba mmoja wao anaweza kuwa mimi. Nilitafuta neno la kusimamisha wimbo, neno la kuurudisha, neno la kutuliza sauti. Kitufe cha kufunga programu nilikiandikia "Toka". Mama Georgette alikiona, akaniita mpaka nyumba ya matofali.

"Dada Furaha, mashine inaniambia mimi toka? Kama imbwa?"

"Ni kufunga tu, mama."

"Muntu ametumika siku mzima, haumwambie toka. Umwambie muzuri."

Nilirudi, nikafikiri, nikaandika "Tuachie hapa". Aliikubali, na papo hapo akajaribu kunivuta niende kufanya kazi kwake, kwa sababu yeye hakuwa mtu wa kulala juu ya nafasi. Redio mbili sasa zilikuwa na programu moja, hakuna aliyemzidi mwenzake kwa mashine, na ugomvi wa wasikilizaji ukawa mkali kuliko zamani: nani ana mtangazaji mzuri, nani ana kwaya nzuri, nani anaamka mapema. Yeye alitushinda asubuhi. Sisi tulimshinda jioni. Nilibaki kwa Papa Mwalimu mpaka mwaka ulipoisha, ndipo nikaenda Goma kusoma kompyuta, na ndizo zilizonilisha mpaka leo. Maneno yangu Justin aliyatuma kwa wenye programu, na mmoja wao, sijui wa nchi gani, alijibu kwa Kifaransa kibovu kuliko cha vijana wa Mama Georgette kwamba ameyapokea na yataingia katika nakala zote zitakazofuata.

Miaka mingi baadaye nilitumwa na kazi kwenye mji mwingine, mbali na Mweso, na wenyeji wakanipeleka kuitazama redio yao. Ilikuwa jioni. Kijana fundi alikuwa amemaliza zamu. Alikusanya waya, akavaa jaketi, na bila kutazama alisogeza mkono akabonyeza "Tuachie hapa". Skrini ikazimika. Moyo wangu ulipiga kama wa msichana. Nikamuuliza kama analipenda neno lile.

"Neno gani, Mama?" alisema, akazima taa.